Kutoka Msitu wa Miombo hadi Jina la Kisayansi: Ugunduzi na Uainishaji wa Uyoga wa Kundi la Afrocantharellus

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna spishi mpya ya uyoga inavyogunduliwa na kuainishwa katika misitu ya kitropiki. Mfano unaotumika ni kundi la Afrocantharellus, ambalo spishi zake zimeelezwa kutokana na sampuli za Katanga, Burundi na Tanzania. Hoja kuu ni kwamba upya wa spishi hauamuliwi msituni pale uyoga unapochumwa, bali huamuliwa katika ulinganishaji wa sampuli mpya na sampuli zilizokwisha kupewa majina. Kwa sababu hiyo, thamani ya ugunduzi hutegemea mambo matatu: maelezo yaliyochukuliwa uyoga ukiwa mbichi, sampuli iliyohifadhiwa katika hebaria, na taarifa za DNA zinazoweza kurejeshwa kwenye sampuli hiyo. Mjadala wa mwaka 2012 na 2014 kuhusu hadhi ya Afrocantharellus unaonesha kwamba wataalamu wanaweza kutofautiana kuhusu jina bila maarifa kupotea, mradi sampuli zipo na zinaweza kuchunguzwa upya.

Maneno muhimu: uyoga, taksonomia, miombo, Cantharellus, Afrocantharellus, hebaria, sampuli kielelezo

1.0 Utangulizi

Mvua zinapoanza kunyesha katika maeneo ya miombo, kuanzia mwezi Novemba au Desemba hadi Aprili, watu huingia msituni kuchuma uyoga, na sehemu ya mavuno huuzwa kandokando ya barabara na katika magulio. Wachumaji wanaujua uyoga huo kwa majina ya lugha zao. Wanajua unaota chini ya miti gani, unapikwaje, na upi usiguswe. Hata hivyo, sehemu ya uyoga huohuo ama haina jina la kisayansi, ama imebebeshwa jina la uyoga mwingine unaofanana nao kwa macho tu.

Hali hii si ya Afrika Mashariki pekee. Hawksworth na Lücking (2017) walikadiria kuwa duniani kuna spishi za kuvu kati ya milioni 2.2 na milioni 3.8, ilhali zilizokuwa zimeelezwa na kukubalika wakati huo zilikuwa takribani 120,000. Kwa makadirio hayo, spishi zinazojulikana hazifiki hata asilimia kumi. Misitu ya kitropiki ni miongoni mwa mahali ambapo pengo hilo linatarajiwa kuwa kubwa zaidi, kwa kuwa ina mimea mingi ambayo kuvu huishi nayo, na kwa kuwa imefanyiwa utafiti mdogo ikilinganishwa na misitu ya Ulaya.

Pamoja na ukubwa wa pengo hilo, dhana ya “kugundua spishi mpya” mara nyingi hueleweka visivyo. Hudhaniwa kuwa ugunduzi ni tukio la siku moja, yaani mtafiti anaona uyoga asioujua na kutangaza kuwa ni mpya. Makala haya yanaonesha kuwa ugunduzi ni mchakato, na kwamba sehemu yake ngumu huanza baada ya kutoka msituni. Kundi la Afrocantharellus limeteuliwa kwa sababu tatu. Kwanza, ni uyoga unaoliwa, hivyo jina lake lina maana kwa walaji na wauzaji. Pili, historia yake inapita katika nchi kadhaa za ukanda huu. Tatu, hadhi yake imejadiliwa hadharani katika machapisho, jambo linalowezesha kufuatilia jinsi uamuzi wa kitaksonomia unavyofikiwa na unavyorekebishwa.

2.0 Uyoga wa Miombo na Majina ya Kuazima

Miombo ni misitu ya wazi ambamo miti ya jenasi Brachystegia, Julbernardia na Isoberlinia hutawala. Tofauti na miti mingi ya kitropiki, miti hii hushirikiana na kuvu zinazoizunguka mizizi yake midogo. Nyuzi nyembamba za kuvu, ambazo huitwa hifa, huvika ncha za mizizi na kusambaa katika udongo. Kuvu huupatia mti maji na madini, hususan fosforasi na naitrojeni, na mti huipatia kuvu sukari. Kile kinachoitwa uyoga ni kiungo cha uzazi tu, kinachojitokeza juu ya ardhi kwa siku chache ili kutawanya spora. Kwa muda mwingi wa mwaka kuvu yenyewe haionekani.

Ushirikiano huo una matokeo mawili kwa utafiti. La kwanza ni kwamba uyoga wa jenasi Cantharellus haujaweza kulimwa kibiashara, kwa kuwa hauwezi kutenganishwa kirahisi na mti hai. Panapokatwa miombo kwa ajili ya mkaa, kilimo au kuni za kukaushia tumbaku, uyoga huo nao huondoka. La pili ni kwamba mti mwenyeji ni sehemu ya utambulisho wa spishi. Uyoga unaoshirikiana na Brachystegia hauwezi kuchukuliwa tu kuwa ni uleule unaoshirikiana na misonobari au mialoni ya Ulaya.

Hata hivyo, ndivyo ilivyokuwa kwa muda mrefu. Jina Cantharellus cibarius, lililowekewa msingi na uyoga wa Ulaya, liliwahi kutumika katika orodha za uyoga wa Afrika kwa kila uyoga wa manjano wenye umbo la tarumbeta na mikunjo chini ya kofia. Jina hilo la kuazima lilificha spishi kadhaa chini ya mwavuli mmoja. Athari yake haikuwa ya lugha tu, kwani spishi inayofichwa ndani ya jina la nyingine haihesabiwi, haifuatiliwi na haiwezi kuwekwa katika orodha ya zinazohitaji kulindwa.

Kazi kubwa za kuorodhesha uyoga wa ukanda huu zilisaidia kuupunguza mkanganyiko huo. Pegler (1977) alitoa maelezo ya awali ya uyoga wa Afrika Mashariki, na Härkönen, Niemelä na Mwasumbi (2003) wakachapisha kitabu kuhusu uyoga wa Tanzania, unaoliwa na usioliwa. Kazi hizo zilitegemea zaidi umbo la nje na darubini, na ndizo zilizoandaa msingi ambao utafiti wa DNA umekuja kujengwa juu yake.

3.0 Hatua za Msituni

Uyoga ukikauka hupoteza sifa nyingi. Rangi hufifia, harufu hutoweka, mikunjo hujikunyata na shina husinyaa. Kwa hiyo, saa chache za kwanza baada ya kuchuma ndizo zinazoamua kama sampuli itakuwa na manufaa. Mtafiti hupiga picha uyoga ukiwa mahali ulipoota, kisha huurekodi mahali penyewe, mwinuko, aina ya udongo na miti iliyo karibu. Uyoga huchimbuliwa wote pamoja na sehemu ya chini ya shina, kwa kuwa sehemu hiyo katika baadhi ya makundi hubeba sifa zinazotenganisha unaoliwa na wenye sumu.

Maelezo ya sampuli mbichi hujumuisha vipimo vya kofia na shina, rangi ya kila sehemu, badiliko la rangi nyama inapokatwa au kuminywa, harufu, na kama shina ni jamu au lina uwazi ndani. Kipande cha kofia huwekwa juu ya karatasi kwa saa kadhaa ili spora zidondoke na rangi yake ionekane. Uchumaji mmoja usichukuliwe kuwa unatosha. Uyoga mchanga na uyoga uliokomaa wa spishi moja unaweza kutofautiana kiasi cha kudhaniwa kuwa ni spishi mbili, ndiyo maana sampuli za umri mbalimbali zinahitajika.

Baada ya hapo, uyoga hukaushwa kwa joto la wastani, takribani nyuzijoto 40 hadi 50, kwa kuwa joto kali huharibu DNA. Kipande kidogo hutengwa mapema na kuhifadhiwa katika jeli ya silika au kimiminika maalumu kwa ajili ya uchunguzi wa kijenetiki. Sampuli nzima na kipande chake hupewa namba moja. Namba hiyo ni jambo dogo kwa sura, lakini ikikosewa hakuna hatua inayofuata inayoweza kurekebisha kosa hilo, kwani DNA itakuwa imeunganishwa na uyoga usio wake.

Maarifa ya wachumaji yana nafasi katika hatua hii. Jina la kienyeji, msimu, mti unaohusishwa na uyoga na njia ya kuupika ni taarifa za kisayansi zinapoandikwa pamoja na namba ya sampuli. Hata hivyo, majina hayo yanahitaji kutumiwa kwa uangalifu. Jina moja linaweza kujumuisha spishi kadhaa zinazoliwa kwa namna moja, na spishi moja inaweza kuwa na majina tofauti katika lugha jirani. Upangaji wa wachumaji hujibu swali la matumizi, ilhali ule wa taksonomia hujibu swali la nasaba. Hakuna kati ya hiyo miwili unaoweza kuchukua nafasi ya mwingine.

4.0 Ulinganishaji na Sampuli Kielelezo

Swali la msingi la taksonomia si “uyoga huu unafananaje?” bali “uyoga huu unatofautianaje na kila uyoga uliokwisha kupewa jina?” Swali hilo hujibiwa kwa kurejea sampuli kielelezo, yaani sampuli ambayo jina la spishi limefungamanishwa nayo daima. Maelezo ya kitabuni yanaweza kuwa mafupi au yenye makosa, lakini sampuli kielelezo inaweza kufunguliwa tena na kupimwa upya.

Kwa kundi linalojadiliwa hapa, sampuli kielelezo zimetokana na nchi tofauti na vipindi tofauti. Mwaka 1966 Heinemann, mtaalamu wa Ubelgiji, alichapisha uchunguzi wake kuhusu uyoga wa Katanga na kuzieleza Cantharellus symoensii na Cantharellus platyphyllus. Mwaka 1994 Buyck aliieleza Cantharellus splendens katika kitabu chake kuhusu uyoga unaoliwa wa magharibi mwa Burundi. Mwaka 2008 Tibuhwa na wenzake waliieleza Cantharellus fistulosus kutoka Tanzania, jina linaloashiria shina lenye uwazi ndani mfano wa bomba.

Mfuatano huo unaonesha mzigo unaombebea mtafiti. Ili kuthibitisha kuwa uyoga wa Tanzania ni mpya, haitoshi kuulinganisha na uyoga mwingine wa Tanzania. Ni lazima kuulinganisha na sampuli zilizochumwa Katanga miongo kadhaa iliyopita na kuhifadhiwa Ulaya. Mipaka ya nchi haina maana kwa kuvu, kwa kuwa ukanda wa miombo unapita katika nchi zote hizo.

Ulinganishaji huo hufanyika kwa kiasi kikubwa chini ya darubini. Mtafiti hupima urefu na upana wa spora nyingi kutoka sampuli zaidi ya moja, huchunguza seli zinazozaa spora, unene wa kuta za hifa katika ngozi ya kofia, na kuwapo au kutokuwapo kwa vibanio. Kibanio ni kiungo kidogo kilichopinda kama mpini wa kikombe, kinachounganisha seli mbili za hifa zinazofuatana. Sifa hii haionekani kwa macho, lakini ina uzito mkubwa katika uainishaji wa Cantharellus, kama sehemu inayofuata inavyobainisha.

5.0 Ushahidi wa DNA na Mjadala wa Hadhi

Mwaka 2001 Eyssartier na Buyck waliliweka kundi la Afrocantharellus katika ngazi ya jenasi-dogo ndani ya Cantharellus. Mwaka 2012 Tibuhwa, Savić, Tibell na Kivaisi walilipandisha hadi ngazi ya jenasi kamili. Uamuzi wao ulitokana na sampuli nyingi zilizokusanywa Afrika na uchanganuzi wa mfuatano wa DNA. Kwa upande wa umbo, walilibainisha kundi hilo kwa mikunjo minene, iliyoachana na yenye mchanganyiko wa rangi, na kwa kukosa vibanio katika sehemu kubwa ya spishi zake, tofauti na spishi nyingi za Cantharellus. Walitambua spishi nne, ambazo ni zile zilizotajwa hapo juu, na kutoa ufunguo wa kuzitambua.

Mwaka 2014 Buyck na wenzake walichapisha uchanganuzi wa Cantharellus ya dunia nzima kwa kutumia jeni kadhaa, ikiwamo TEF1. Wao walilirejesha kundi hilo katika ngazi ya jenasi-dogo. Msomaji anaweza kujiuliza iwapo mmoja wa pande hizo mbili alikosea. Jibu linahitaji kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: kuwapo kwa kundi na hadhi ya kundi.

Kuhusu kuwapo kwa kundi, hakuna mgogoro mkubwa. Pande zote mbili zinakubali kwamba spishi hizo ni ndugu wa karibu na zina sifa zinazozitambulisha. Tofauti iko katika hadhi. Kanuni inayotumika ni kwamba kundi linalotambuliwa linapaswa kujumuisha chimbuko moja na vizazi vyake vyote. Endapo tawi la Afrocantharellus liko kando ya matawi yote ya Cantharellus, wataalamu wanaweza kulipa jina la jenasi bila kuvunja kanuni hiyo. Endapo tawi hilo limechipuka kutoka ndani ya Cantharellus, kulitenga kutaifanya Cantharellus inayobaki kuwa familia iliyoondolewa baadhi ya watoto wake. Mahali tawi lilipo katika mti wa nasaba hutegemea jeni zilizochunguzwa na idadi ya spishi zilizojumuishwa.

Hapa ndipo uteuzi wa jeni unapokuwa na uzito. Sehemu ya DNA inayoitwa ITS ilipendekezwa mwaka 2012 na Schoch na wenzake kuwa alama ya kawaida ya kutambulisha kuvu. Katika makundi mengi inafanya kazi vizuri. Katika Cantharellus, hata hivyo, sehemu hiyo hutofautiana sana kwa urefu na ni vigumu kuipanga sambamba kati ya spishi. Moncalvo na wenzake (2006) walionesha pia kwamba jeni za ribosomu katika Cantharellus na baadhi ya jamaa zake zimebadilika kwa kasi isiyo ya kawaida. Jeni inayobadilika kwa kasi inaweza kuonesha umbali wa nasaba kuwa mkubwa kuliko ulivyo. Kwa hiyo, jeni za protini kama TEF1 hutumika kuthibitisha au kupinga picha inayotolewa na jeni za ribosomu.

Funzo la mjadala huu si kwamba DNA haiaminiki. Funzo ni kwamba mti wa nasaba ni dhana inayopimwa kwa ushahidi uliopo, na ushahidi ukiongezeka dhana hurekebishwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba marekebisho ya mwaka 2014 hayakuifuta kazi ya mwaka 2012. Sampuli zilizochumwa, maelezo yake na mifuatano yake ya DNA vimebaki kuwa sehemu ya maarifa kuhusu kundi hilo. Cantharellus fistulosus inabaki kuwa spishi ileile, iwe imeandikwa chini ya jenasi moja au nyingine.

6.0 Masharti ya Jina Halali

Baada ya ushahidi kukamilika, spishi mpya haina jina mpaka masharti ya Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Mwani, Kuvu na Mimea yatimizwe. Kwa majina yanayochapishwa tangu tarehe 1 Januari 1958, sampuli kielelezo lazima itajwe. Tangu mwaka 1990, hebaria inayohifadhi sampuli hiyo nayo lazima itajwe. Tangu tarehe 1 Januari 2012, maelezo ya utambuzi yanaweza kuandikwa kwa Kilatini au Kiingereza, ilhali kabla ya hapo Kilatini kilikuwa cha lazima. Tangu tarehe 1 Januari 2013, jina jipya la kuvu lazima liwe na namba iliyotolewa na sajili inayotambuliwa, kama vile MycoBank au Index Fungorum. Mfuatano wa DNA pekee, bila sampuli, haukubaliki kuwa kielelezo.

Masharti haya yana maana mahususi kwa taaluma inayoandikwa kwa Kiswahili. Maelezo ya Kiswahili peke yake hayawezi kulifanya jina kuwa halali. Hata hivyo, kanuni haizuii maelezo kamili ya Kiswahili kuambatana na yale ya Kilatini au Kiingereza. Maelezo hayo ndiyo yanayoweza kusomwa na bwana misitu, mwalimu wa sekondari, mganga wa zahanati anayempokea mgonjwa aliyekula uyoga, na wachumaji wenyewe. Ufunguo wa utambuzi usioweza kusomwa na wanaoishi na uyoga huo umetimiza nusu ya kazi yake.

Sharti la hebaria nalo lina uzito. Sampuli kielelezo inapokuwa ng’ambo pekee, mtafiti wa Afrika Mashariki anayetaka kuthibitisha au kupinga uamuzi wa kitaksonomia hulazimika kusafiri au kuomba kuazimishwa. Sampuli inapogawanywa na sehemu yake kubaki katika hebaria ya nchi ilikochumwa, uthibitisho huweza kufanyika papo hapo. Hifadhi hiyo inahitaji makabati yasiyopitisha unyevu, udhibiti wa wadudu na mtunzaji wa kudumu. Hayo ni mahitaji ya kawaida, lakini yakikosekana sampuli huliwa na wadudu, na jina lililojengwa juu yake hupoteza msingi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba spishi mpya ya uyoga haipatikani kwa kuokota uyoga usiojulikana, bali kwa kuthibitisha kuwa hautoshei katika jina lolote lililopo. Historia ya Afrocantharellus, kuanzia Katanga mwaka 1966 hadi marekebisho ya mwaka 2014, imebainisha kuwa uthibitisho huo hupita mikononi mwa watafiti wa nchi na vizazi tofauti. Kinachowaunganisha ni sampuli. Maoni kuhusu jenasi yanaweza kubadilika, jeni zinazochunguzwa zinaweza kuongezeka, lakini swali lolote jipya hulazimika kurudi kwenye uyoga uliokaushwa, wenye namba, tarehe na mahali ulipochumwa.

Kutokana na hoja hizo, tafiti za uyoga katika misitu ya kitropiki ya Afrika Mashariki hazina budi kuipa kazi ya msituni na ya hebaria uzito uleule unaopewa maabara ya DNA. Kipande cha DNA kinaweza kuchunguzwa tena mwakani kwa mbinu bora zaidi. Rangi ya mikunjo ambayo haikuandikwa uyoga ulipokuwa mbichi haiwezi kurudishwa, na uyoga wa msitu uliokwisha kukatwa hauwezi kuchumwa tena. Kila msimu wa mvua unaopita bila sampuli kukusanywa katika miombo inayopungua unapunguza idadi ya spishi ambazo zingeweza kupewa jina zikiwa bado zipo.